Meza Katikati ya Gitare Mbili

2 Septemba, lundi

Agenda hii ni ya mwaka huu, lakini biro walitupatia juzi, wakati mwaka ulishakatika nusu na zaidi. Ndivyo wanavyotupenda. Kurasa za Januari mupaka Agosti nitaziachia orodha za soko. Kuanzia leo naandika juu ya jambo moja: kumutafutia mushichana wangu Gloire mwalimu wa gitare.

Sababu ni hii. Mimi ni sekretere kwa masera, watawa wenye internat moja, shule ya kulala, pale Ibanda. Leo Masera Lucie, mukubwa wao, alituambia kwamba yule mwenzake anayepiga gitare mu chapelle anarudi kwao mwezi wa kumi na mbili. Wanatafuta mushichana mumoja ashike nafasi yake. Atakayechaguliwa anaingia internat Januari bila kungojea liste. Liste ile naijua, mimi ndiye naipiga mashine: majina mia mbili na kumi. Jaribio ni tarehe kumi na ine Desemba.

Gloire iko na miaka kumi na tatu. Gitare iko kwetu Bagira tangu mwaka jana. Baba yake, Philémon, anafanya kazi kule Lwiro na anarudi nyumbani samedi moja kwa kila mbili. Aliinunua kwa muzungu mumoja aliyekuwa anafunga valizi zake. Tangu siku ile mutoto analala nayo karibu na kichwa, na hajui kupiga hata wimbo mumoja. Nilipomuambia habari ya internat hakuruka, hakucheka. Aliketi. Kisha akaniuliza siku ngapi zimebaki, nikahesabu hapa kwenye agenda: mia moja na tatu.

5 Septemba, jeudi

Bukavu kila mutu anamujua mwalimu wa gitare. Ukimupigia simu huyo mwalimu, anauza krediti za telefone.

9 Septemba, lundi

Tumepata mumoja: Bienfait, kijana wa kanisa la walokole. Suruali imemubana kama soseti. Lakini vidole vyake vinakimbia, na Gloire anamuangalia mudomo wazi.

18 Septemba, mercredi

Kumbe mudomo wazi haukuwa juu ya gitare peke yake. Nimefungua telefone ya mutoto: "Bonne nuit ma star," na mioyo mitatu myekundu. Mara ine, mu juma moja. Leo Bienfait alipofika nilimungojea kwenye barza, na nilimurudisha kwao kabla hajavua viatu. Akasema wanamuziki ndivyo wanavyosemeshana. Nikamuambia basi akasemeshane na mama yake.

Nimeapa: hakuna mwanaume atakayekaa karibu na mutoto wangu tena, awe na gitare ao awe na biblia.

20 Septemba, vendredi

Mvua. Mvua tu.

22 Septemba, dimanche

Baada ya misa, Maman Olive, jirani yangu na présidente wa shirika letu, ile jumuiya ndogo ya parokia, alinishika mukono: nimesahau Muzee Zagabe? Huyo kipofu anayepiga gitare mu korali ya parokia. Karibu wote wanaopiga gitare mu makanisa ya Bagira walipita kwake. Yeye mwenyewe alipofuka na surua akiwa mutoto.

Naandika nilivyowaza, bila kujipamba: kipofu hana macho ya kutamani. Huyo atatufaa.

25 Septemba, mercredi

Walikuja saa tisa kamili, mvua ikiwa imetulia. Maman Carmel, muke wake, alikuwa mbele, muzee nyuma, kila mumoja ameshika ncha yake ya fimbo. Muzee ni murefu, koti lake limepigwa pasi, gitare iko mugongoni ndani ya mufuko wa unga ulioshonwa vizuri. Aliingia akihesabu hatua zake kwa sauti ndogo. Maman Carmel nilimuonyesha benchi ya barza, akabaki pale na muchele wake wa kuchambua.

Muzee akanielezea ginsi anavyofundisha. Anakaa nyuma ya mutoto, anaweka vidole vyake juu ya vidole vya mutoto, wote wawili kwenye gitare moja, mupaka vidole vya chini vijue njia. Hapo vya juu vinajitoa. Ndivyo yeye alifundishwa na padiri mumoja, na ndivyo alifundisha wengine wote, miaka makumi ine.

Nikamuambia hapana. Hapa kwangu mutoto mushichana haguswi. Nilisukuma meza ya kulia katikati: yeye upande huu, Gloire upande ule, wanaangaliana, na mimi kwenye kiti changu kando ya mulango. Muzee aseme kwa mudomo na apige, mutoto aangalie na afuate.

Kisha akasema: "Maman, macho yangu iko mu mikono. Ukiniondolea mikono ya mutoto, nitamuona na nini?"

"Utamusikia," nikamujibu. Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Akasema sawa, tutajaribu. Kamba anazihesabu kwa namba, ya kwanza ni ile nyembamba, ya sita ni ile nene, na kase, vile vyumba vya shingo ya gitare, vilevile. Anasema, "Kamba ya tano, kase ya tatu, kidole ya tatu," na mutoto anatafuta. Walifanya hivyo saa nzima. Maman Carmel sikumupelekea hata chai, niliona haya baadaye.

28 Septemba, samedi

Vidole vya Gloire vimevimba. Anavitia mu maji ya chumvi na kuvionyesha kila mutu.

5 Octoba, samedi

Somo la ine. Nimependa kuwaangalia leo: manche mbili, zile shingo za gitare, zote zinaelekea dirishani, ya muzee na ya mutoto, sawasawa kama mutu anayejiangalia mu kioo. Hata Philémon, aliyefika asubui kutoka Lwiro, alisimama na sahani mukononi, akasema inapendeza.

9 Octoba, mercredi

Muzee alimusimamisha Gloire katikati ya wimbo. Anasema kuna kitu hakielewi. Sauti nene zinachelewa. Mutoto anashusha mukono, na nyembamba inasikika mbele, nene inafuata nyuma. Ingepashwa kuwa kinyume. Akaniomba: "Nipatie mukono yake kidogo, maman, nisikie."

Nikakataa kwa heshima.

12 Octoba, samedi

Mvua ilibomoa njia ya chini, hawakufika. Gloire alipiga peke yake masaa matatu.

16 Octoba, mercredi

Tena: basi, ndizo zile sauti nene, inachelewa. Tena: nipatie mukono yake. Nikamuambia arudilie kwa mudomo. Akarudilia kwa mudomo, mara kumi, na mutoto alijitahidi mara kumi, na basi ikachelewa mara kumi.

23 Octoba, mercredi

Mara ya tatu. Safari hii aliniomba angalau akamate gitare ya mutoto tu, si mutoto. Lakini mutoto iko wapi kama hayuko nyuma ya gitare? Si mimi niliyezaliwa jana. Mutu akiomba kitu kimoja mara tatu, iko na sababu yake. Nilimuambia, nikiwa nimesimama, kama njia yangu haimufai, wako walimu wengine mu Bagira.

Uongo mutupu, hawako. Na alijua hawako. Akainamisha kichwa, akaanza tena na kamba ya tano.

Tangu leo gitare siiangalii tena. Naangalia mikono yake.

30 Octoba, mercredi

Gloire amepiga wimbo muzima wa sadaka, tangu mwanzo mupaka mwisho, na kuimba juu yake. Ni pole pole sana, kama mutu anayeshuka mulima na mutungi, lakini umefika. Nililia, nikaenda kulilia jikoni. Muzee alisema: "Mutoto huyu iko na sikio. Mikono ndiyo siijui." Nilisikia tu ile ya sikio.

9 Novemba, samedi

Willy, mudogo wa Philémon, ametutembelea. Anapiga gitare basi mu baa moja kule Kadutu, na pombe ilishamufikia kabla ya saa sita. Alimuangalia Gloire anavyojizoeza, akakunja uso. "Shemeki, mutoto wenu ni wa kushoto?"

Nikamuambia anakula na kuume, anaandika na kuume, anabariki uso wake na kuume.

"Sasa kwa nini anashika vile?"

Nikamujibu kwamba siku atakapokuja nyumba hii bila kunuka, siku hiyo atatufundisha. Alicheka, akamaliza visamaki vyangu vya sambaza, akaenda. Mulevi ni mulevi. Akiona nguzo mbili anasema ni wewe umekosea kuhesabu.

13 Novemba, mercredi

Mvua. Somo. Basi inachelewa, mara ya nane ao ya tisa.

20 Novemba, mercredi

Naandika yote, maana kesho watu wataniuliza.

Maragi yalikuwa yanafurika kwenye babula ya makaa. Niliinuka kwenye kiti changu, nikatoka dakika moja, mbili hazikufika. Nilisikia muzee anasema ndani, polepole, kama kawaida yake: "Gloire, simama kwanza. Kuna kitu. Usitikisike." Niliporudi mulangoni, nilimukuta ameinuka nusu, amejilaza juu ya meza, mukono wa kuume umenyoshwa na umetua kwa mutoto wangu, upande wake wa kushoto, hapa juu. Alikuwa anapapasa.

Sikuuliza. Nilikuwa na mwiko mukononi, nikamupiga nao kwenye mukono, mara mbili, na nikapiga kelele mupaka avenue nzima ikasimama. Nilisema anashika mutoto wangu kifua. Nilisema neno hilo, kifua, na nikalirudilia.

Hakujitetea. Alirudisha mukono ndani ya koti na kurudilia kitu kimoja: "Manche iko wapi? Nilitafuta manche, maman. Haiko pale inapashwa kuwa." Nani alikuwa na masikio ya kusikiliza manche? Watu walishajaa barzani, Maman Olive mbele yao. Maman Carmel alisimama, muchele wake ukamwagika, akatafuta fimbo. Aliitafuta muda murefu maana wanaume wawili walikuwa wameikanyaga. Ile safari yao ya kurudi niliiona kutoka mulangoni: yeye mbele, muzee nyuma, na watoto wa avenue nyuma ya muzee. Mutu akarusha tope likapiga ule mufuko wa gitare. Nilimuona aliyerusha. Sikusema kitu.

Gloire alikuwa bado amesimama kando ya meza, gitare imemufunika tumbo, anasema maman, maman. Nikamuambia aende chumbani, mutoto hasemi mbele ya wakubwa.

21 Novemba, jeudi

Nyumba imejaa. Mumoja ameleta mayai, mwengine sukari, kama tumefiwa. Nimeelezea mara saba. Kila nikielezea naona mambo mengi kuliko nilivyoona jana. Maman Olive alisema nilikuwa na jicho, wazazi wengine wamelala. Nilifurahi kusikia, naandika hivyo hivyo.

24 Novemba, dimanche

Korali iliimba bila gitare. Padiri amemuomba muzee apumzike kwanza. Kwenye benchi watu walinipisha.

27 Novemba, mercredi

Saa tisa ilifika na kupita. Gloire anapiga peke yake chumbani. Mimi ananisalimia asubui na magaribi, basi. Nadhani ni haya. Itapita.

7 Desemba, samedi

Mvua tangu alfajiri. Siku saba zimebaki.

14 Desemba, samedi

Walikuwa washichana watano. Gloire alipiga wa tatu. Nilikuwa nimemushonea nguo mupya ya kitenge cha buluu, na nilikuwa nimekaa nyuma ya chapelle na rozari, nina hakika kabisa.

Alipopewa gitare ya chapelle na kuikamata, wale wanne wengine walianza kucheka ndani ya viganja. Sikuelewa. Akapiga wimbo wa sadaka. Uliimbika, lakini ulikuwa muzito, na mahali pawili vidole havikufika wakati wake. Masera Lucie alimuacha amalize, ni mutu wa adabu. Kisha akamusogelea na kumuuliza anaandika na mukono gani. Wa kuume. Basi kwa nini umegeuza gitare?

Akaichukua, akaigeuza, manche ikaelekea upande mwingine. Hapo ndipo niliona, mimi niliyekaa kwenye kiti kando ya mulango tangu Septemba, kwamba wale wengine wote waliikamata hivyo. Na muzee mwenyewe, na Willy, na picha zote nilizowahi kuona. Masera alimuwekea Gloire vidole vya kushoto juu ya kamba. Vilikaa pale bila kujua chochote. Mutoto aliviangalia kama vidole vya mutu mwingine.

Masera akaniuliza mwalimu ni nani. Nikasema muzee kipofu wa Bagira. Akashangaa: kipofu huwa anafundisha na mikono, hakumukamata mikono?

Gloire alijibu kabla yangu, akiangalia chini. "Maman alimukataza."

Masera hakunikaripia. Alinielezea tu, vile unavyoelezea mutu wa biro yako. Kila mwaka, anasema, katekista wa watoto wadogo anawaletea watoto wanaofanya ishara ya musalaba na mukono wa kushoto, kwa sababu alisimama mbele yao wakamufuata kama kioo. Inamupasa asimame pamoja nao, uso wote upande mumoja. Mutoto anayeketi mbele ya mwalimu wa gitare, meza katikati, anafanya vilevile. Kamba zinahesabiwa kwa namba, kwa hiyo noti ni za kweli, na kipofu hawezi kuona. Kitu angesikia ni kimoja: basi inachelewa, maana mukono unaposhuka unakutana na kamba nyembamba kwanza.

Gloire aanze upya, alisema, pengine mwaka kesho. Wamemuchukua mushichana wa nne, Lydie.

Nilielewa kwenye ngazi za kutoka. Siku ile muzee alichoka kuomba. Alinyosha mukono pale ambapo manche ya kila gitare ya dunia hii inapashwa kuwa, mukono wa kushoto wa mutoto ukiwa juu yake. Haikuwako. Akapapasa akiitafuta. Na alinieleza, mu lugha yangu mwenyewe, na mimi nikiwa na mwiko.

15 Desemba, dimanche

Baada ya misa nilienda kwake. Chumba kimoja, safi. Anabaki na wanafunzi watatu tu, ambao wazazi wao hawakuamini. Nilipiga magoti, nikaeleza yote.

"Inuka, maman," alisema. "Mi sioni kama umepiga magoti ao umesimama. Usijichokeshe."

Nikamuomba pole. Maman Carmel alikuwa anamenya viazi, kisu hakikusimama. Muzee akaniambia: "Uliniita mubaya mbele ya avenue nzima. Pole ya humu ndani, nani anaisikia? Carmel? Carmel alijua tangu mwanzo."

Nikaahidi kusema mbele ya shirika. Nilirudi nyumbani mwepesi kidogo. Ulimi hauna mufupa, ndio umetufikisha hapa, lakini huohuo utatutoa, nilijiambia.

19 Desemba, jeudi

Shirika lilikutana kwa Maman Olive. Gloire aliomba kunifuata. Nikamukatalia, ni mukutano wa wakubwa. Nilichukua gitare peke yake.

Baada ya rozari nilisimama. Nilieleza meza, kioo, kamba, manche. Niliikamata gitare hivi, nikaigeuza hivi. Nilisema sikuona kifua, nilisema kifua kwa hasira. Nilisema Muzee Zagabe hana kosa, mwenye kosa ni mimi. Sijawahi kusema ukweli kwa urefu kama ule maisha yangu yote.

Watu waliangalia sakafu. Mwishoni Maman Olive alinishika bega na kusema kwa upole: "Tumeelewa, Maman Agathe. Wazazi wakipatana, shirika haliingilii. Mambo ya mutoto mushichana inaisha vile, na ni vizuri."

Nikasema hatukupatana na mutu. Hakuna kilichokuwako cha kupatana.

Jean-Marie, yule fundi viatu, akauliza kutoka nyuma, bila ubaya wowote: "Ilikuwa mbuzi moja ao mbili?"

Hapo nikaona nilichofanya. Kwetu jambo la namna ile linamalizikia ndani ya nyumba: ukoo wa mwenye kosa unaleta mbuzi, ukoo wa mutoto unafunga mudomo, na mama anasimama mbele za watu kusema alikosea kuona. Hatujawahi kumusikia mama akisimama bila mbuzi. Kama angekuwa mwanamuke mwingine aliyesimama leo na gitare yake, mimi ningekuwa wa kwanza kuuliza rangi ya mbuzi.

Niliendelea kusema, na kila nilivyoendelea, niliona wanaongeza mbuzi.

21 Desemba, samedi

Maman Carmel alikuja peke yake. Nilimukaribisha ndani, kwenye kiti changu. Akasema hapa barzani amezoea.

Wale wanafunzi watatu wameondolewa. Mwezi uliopita watu walikuwa nusu kwa nusu: wengine waliamini, wengine walisema muzee hawezi. Tangu jeudi wote wanaamini, maana mama mwenyewe amefungwa mudomo. Na wengine wanamuuliza sokoni walitoa wapi mbuzi wakati hata sukari wanakopa. Alieleza hayo yote bila kupandisha sauti, akiwa amesimama. Nilianza kusema nitaenda kwa padiri, nitaandika barua, nitaita avenue.

"Aksanti, maman," alisema. "Lakini usitusaidie tena."

24 Desemba, mardi

Philémon amefika kutoka Lwiro kwa Noeli. Tangu katikati ya Novemba kazi ilimuzuia kurudi, kwa hiyo hajui kitu, nilimuficha mu simu. Amekuja kwa muguu tangu kituo, akivuta mbuzi. Avenue nzima iliiona.

25 Desemba, mercredi

Misa, kisha nyama. Nilikula kidogo. Usiku wa jana nilimuelezea Philémon kila kitu. Leo amekaa barzani na redio iliyozimwa.

Mimi na Gloire tulikuwa tunaosha masahani. Sijui kwa nini nilianza. Nilimuambia kwamba nimejaribu kila mulango, kwamba hakuna anayeniamini, kwamba hakukuwa na shahidi siku ile isipokuwa mimi, na mimi ushahidi wangu umeoza.

Aliweka sahani chini. Hakukasirika. Ana sauti ya baba yake, inayosema polepole.

"Maman, mi ndiye nilikuwa nimekaa pale," alisema. "Alinigusa hapa, kwenye kiwiko. Akasema, gitare yako iko wapi. Maman Olive aliniangalia, padiri aliniangalia, wote. Haukuniuliza. Hakuna aliyeniuliza."

Nilitoa mikono mu maji. Kisha nikamuuliza. Nikamuuliza vizuri, kama nilivyopashwa kumuuliza tarehe ishirini Novemba kabla ya kuinua mwiko: mutoto wangu, ilikuwaje?

Alichukua kitambaa, akaanza kupangusa sahani.

"Kuniuliza leo ni ya nini, maman?"